Povu la Upande wa Kulia

Nynke aliliona povu kwanza. Kila baba yake, Douwe, alipopiga rivasi, maji yalichemka upande wa kulia wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Upande wa kushoto yalitulia.

Waliishi ndani ya tishali lao la mizigo, wakiuza viazi kwenye mifereji ya jimbo la Friesland. Mlango wa jiko ulikuwa kulia. Kwa hiyo Douwe alitia gati kwa ubavu wa kulia siku zote, ili majirani waingie moja kwa moja kunywa kahawa.

Siku hiyo walipofika mjini Sneek, alipiga rivasi ili asimame. Tezi ikalikimbia gati, pua ikaligonga. Chungu cha maua kikatumbukia majini.

"Ukiligonga tena, Douwe, hulazi chombo hapa msimu wa baridi," msimamizi wa gati alisema.

"Upepo huo," Douwe akajitetea.

"Upepo gani? Hata moshi wa kiko chako umesimama wima." Aliyecheka ni Baukje, mama wa chombo cha jirani, aliyeendesha tagi, boti ya kuvuta meli, miaka mingi. "Nynke, wewe umeona nini?"

Nynke alinyoosha kidole kwenye povu lililobaki upande wa kulia.

"Umepata, mwanangu," Baukje alisema. "Rafadha, lile panga linalosukuma maji, ikizunguka kinyume hurusha maji mbele. Kwenu yanapiga ubavu wa kulia, tezi inasukumwa kushoto. Basi tieni gati kushoto. Njooni polepole, pua ikilielekea gati kidogo, kisha rivasi fupi. Tezi itajileta."

"Vyombo vyote ndivyo vilivyo?" Douwe aliuliza.

"Hapana. Vingine ni kinyume. Funga kamba kwanza, piga rivasi, tazama povu. Tezi huenda upande usio na povu."

"Na wageni wangu wa kahawa?"

"Watazunguka. Kwani miguu yao ya kioo?"

Douwe aligeuza chombo, akaja na ubavu wa kushoto, polepole. Rivasi fupi. Tezi ikasogea, ikalala gatini kama paka mkekani. Msimamizi mwenyewe alizunguka hadi jikoni, akaomba kahawa.

"Nafasi yenu ipo," alisema.

"Kumbe macho ninayo nyumbani," Douwe alisema, akimmiminia binti yake.

Nynke alikishika kikombe kwa mikono miwili. Tangu utotoni alitamani kuyasema maneno haya.

"Baba, kesho usukani niachie mimi."