Sanduku la Daktari

Hakuwa na glavu. Hakuwa na bandeji safi, wala mkasi unaokata, wala plasta inayonata. Alichokuwa nacho msichana huyu wa darasa la sita ni sanduku jekundu lililopakwa rangi mara tatu, kufuli kubwa, na sifa. Wenzake walimwita Daktari, naye aliitika bila aibu.

Darasa lao lilikuwa limepanga kwenda msituni Jumamosi kujifunza mimea. Mwalimu alikuwa ameshasema: bila sanduku la huduma ya kwanza, hakuna safari. Daktari alijitolea kulitayarisha, na Alhamisi akamwambia, "Liko tayari, mwalimu. Halipungukiwi na kitu."

Ijumaa, baada ya shule, baba yake, fundi seremala, alikuwa akichonga mguu wa meza karakanani. Patasi ikateleza, ikamkata kidole gumba.

"Mama wee! Daktari, leta sanduku!"

Alilileta mbio. Ufunguo je? Alikuwa ameuficha ili mdogo wake asichezee plasta, tena ameuficha vizuri mno hata yeye mwenyewe hakuupata.

"Lipige nyundo!"

Alipiga. Sanduku halikutikisika.

"Nani alilitengeneza hili?"

"Wewe, baba."

"Kazi safi," baba alisema kwa fahari, kisha akakumbuka kidole. "Aa! Piga tena!"

Kelele zikamleta bibi jirani, muuguzi mstaafu. Alikandamiza jeraha kwa leso safi, akauinua mkono wa baba juu. Pigo la sita likang'oa kifuniko. Ndani mlikuwa na marashi, dawa ya meno, vidonge visivyo na jina, plasta zilizokauka na mkasi wenye kutu.

"Bandeji iko wapi, mjukuu wangu?"

"Nilifanyia mazoezi, bibi. Nimeifunga kwenye mguu wa stuli iliyovunjika."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Bado anachechemea."

"Na marashi ya nini?"

"Mtu akizimia, bibi, angalau anukie vizuri."

"Msinichekeshe," baba alilalamika, "damu itazidi!"

Damu ilipokoma, bibi alikiosha kidole kwa maji safi, akakifunga kwa vifaa alivyoleta kutoka kwake. Kisha akamgeukia Daktari.

"Sanduku hili si pambo la sebuleni. Tia vitu safi vinavyohitajika kwanza: glavu, vitambaa vya kufunikia jeraha, bandeji, plasta, mkasi mkali, pini. Dawa usiyoijua usimpe mtu. Liweke mahali asipofika mtoto mdogo, lakini mkubwa alifungue kwa mkono mmoja, maana wa pili huenda ndio unaotoka damu."

Wakaenda duka la dawa. Jua lilipoanza kushuka, sanduku lilikuwa limekamilika, bibi amelikagua na kutia sahihi orodha ya vilivyomo, na kifuniko kilichorudishiwa kilifungwa kwa kitanzi chepesi cha ngozi.

"Sasa mwalimu hana haja ya kujua," Daktari alinong'ona.

"Jana ulimwambia nini?" baba aliuliza.

Daktari alikifungua kitanzi, akakifunga tena. Kisha akasema, "Akiifuta safari je, baba? Darasa zima litanichukia."

"Huenda. Lakini ni yeye anayewapeleka watoto wa watu msituni. Lazima ajue neno lako lina uzito gani."

Daktari akachukua kalamu.

*Mwalimu, jana nilisema sanduku liko tayari. Halikuwa tayari, nami sikulikagua. Leo bibi muuguzi amelikagua, na orodha ameitia sahihi. Ukitaka mwingine alibebe, nitampa. Naomba tu wenzangu waende.*

Akaikunja barua pamoja na orodha, akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akamkabidhi bibi, ambaye njia yake ilipita kwa mwalimu.