Tawi la Nyanzala

Nimelala njiani, sina mkono wala mkuki. Rafiki akiniona hugeuka. Adui hunikanyaga akafa. Ni nani mimi? Usijibu haraka, maana jibu lake lilimwaga damu nyingi.

Zama hizo misafara ya Wanyamwezi ilishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, ikarudi na shanga na vitambaa vya kaniki na merikani. Mbele hutangulia kirangozi, joho jekundu mgongoni, manyoya ya punda milia kichwani, barghumu la kupuliza mkononi. Akifika njia panda huvunja tawi bichi, akalilaza kwenye njia isiyofaa. Wa nyuma wakilikuta hujua: huku kumefungwa. Hakuna mpagazi asiyeijua alama hiyo.

Katika nchi ya Ushimbo kirangozi alikuwa Mhoja, na mkewe Nyanzala alizoea kusafiri naye, chungu kichwani, mtoto mgongoni. Nyanzala alikuwa na shoto. Tawi akililaza yeye, shina huangukia upande usio wa watu wote, na Mhoja humcheka: "Mke wangu hufunga njia kama anayefunga banda la kuku!"

Safari hii Nyanzala alibaki nyumbani kulea. Asubuhi moja mpagazi mmoja akatambaa hadi langoni mwa boma, sikio limekatwa, tumbo amelishika kwa mikono miwili.

"Yule mnyang'anyi Lubeja anakuja," akasema. "Ruga-ruga wake wametuchinja mtoni. Pembe wamechukua. Sasa wanataka watoto wa kuuza."

"Na Mhoja?"

Yule mtu akafumba macho, asiyafumbue tena.

Mtemi Kapembe alikuwa mbali, ameondoka na vijana wote kuwinda ndovu. Bomani walibaki wazee, wanawake na watoto, wakiwamo wa Nyanzala. Nyanzala akajifuta machozi kwa kaniki yake, akasema, "Hao ruga-ruga tuwapeleke korongoni."

Korongo la Isanga ndiko wanawake walikochimba udongo wa vyungu. Kuta zake ndefu, mwisho wake mwamba mtupu, na kijia chake kimekanyagwa kama njia ya kijijini.

"Utaifunga njia ya boma kwa tawi?" akauliza Milembe, mama mkwe wake. "Mkamwana, Lubeja alikuwa mpagazi kabla hajawa fisi. Alama anazijua."

"Ndiyo maana nitafunga ya korongo, mama. Yetu naiacha wazi. Mwizi akikuta mlango mmoja wazi na mwingine umefungwa, atavunja upi?"

Milembe akacheka kwa ufizi. "Uliofungwa! Ndiko yaliko mali."

"Na kama Mhoja yu hai huko nyuma, tawi litamwambia kweli. Atakuja nyumbani."

Wakapanda juu ya korongo, vikongwe kwa vijukuu, wakalundika mawe ukingoni. Wazee wakapaka mishale sumu. Nyanzala akalaza tawi bichi kwenye kijia cha korongo, akajibanza mwambani juu ya njia panda, barghumu kuukuu la mumewe kifuani.

Jua lilipopanda wakatokea: vilemba vyekundu, magobore, shanga za meno ya watu shingoni. Na mbele yao, kamba shingoni, alikuwa Mhoja.

Nyanzala akauma mkono wake ili asilie.

"Haya, kirangozi," akasema Lubeja, akimsukuma kwa kitako cha gobore. "Tusomee."

Mhoja akatazama tawi. Akatazama shina lilikoangukia. Akatega sikio, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali.

"Iliyo wazi ndiyo ya kwetu," akasema. "Hii iliyofungwa haina mwisho mwema."

Ruga-ruga wakaangua kicheko.

"Mwanamume gani huyu," Lubeja akasema, "anayemwonyesha adui mlango wa mamaye? Ungekuwa mwongo hodari ningekuachia kichwa chako. Twende palipofungwa! Naye atangulie."

Wakalikanyaga tawi, wakaingia.

Nyanzala akakimbia ukingoni hadi alipolala mama mkwe wake. Chini, kamba ilikuwa ikimvuta Mhoja. Kama Nyanzala asingepiga ishara ya mawe sasa, wangefika mwambani, wakageuka, na boma lingeteketea. Akapeleka barghumu mdomoni. Akalishusha tena.

Sauti ya Mhoja ikapanda kutoka chini, ile ile ya kuita wapagazi. "Kitendawili!"

Milembe akanong'ona, "Tega, mwanangu."

"Nyumba yangu ina mlango wa kuingia, wa kutokea haina!"

"Kiu imemtia wazimu," mmoja akasema. Lakini Lubeja alikwisha kuinua uso, akitazama kuta. "Rudini! Rudini ny—"

"Kaburi," Milembe akajibu. Machozi yalimtiririka. "Amekupa ruhusa. Piga, mkamwana."

Nyanzala akapiga.

Mawe yakashuka. Mafuvu yakapasuka kama vibuyu. Mishale ikawapata waliokimbia, sumu ikawaangusha wakitapika povu. Wakapigana magobore wenyewe kwa wenyewe ndani ya vumbi. Lubeja alifika mdomo wa korongo akitambaa, na hapo wanawake wa udongo wakammaliza kwa majembe. Hawakuacha kumpiga hata alipokwisha kufa.

Mhoja walimkuta amekufa chini ya maiti, kamba bado shingoni. Nyanzala aliikata kwa meno, wakamzika humo humo.

Siku hizi barabara ya lami inapita pale, na kando yake imesimamishwa nguzo ya saruji yenye maandishi: HAPA MTEMI KAPEMBE ALIWASHINDA RUGA-RUGA. Mtemi mwenyewe alirudi na pembe zake fisi wakiwa wamekwisha kushiba. Rangi ya nguzo hufubaa, ikapakwa, ikafubaa tena.

Lakini nyuma ya nguzo, kwenye mdomo wa korongo, hakukosi tawi bichi. Wanawake wakienda sokoni hulivunja na kulilaza, shina upande wa shoto. Udongo wa vyungu huchimbwa kwingine. Na mgeni akishuka kwenye lori, akitaka kujisogeza humo akajisaidie, watamshika mkono kwa upole.

"Huku hakupitwi, baba," watamwambia. "Mhoja amelala."