Herufi Mbili za Jina la Mume Wangu

Hapana, usiniambie eti dem wa kuuza kava za simu Hurlingham hawezi jua ndege ya vita inaelekezwaje. Nilijifunza mwenyewe kwa simu, video baada ya video, juu nilikuwa na sababu.

Niko na miaka ishirini na sita. Mume wangu, Samuel Kamau, alikuwa anaongoza wanajeshi huko mpakani. Ndugu yangu Brayo alikuwa huko pia... yeye ni wa redio. Anakaa chini, anamwambia rubani adui ako wapi, watu wetu wako wapi, achilia bomu ama wacha.

Sam aliuawa na bomu ya ndege yetu wenyewe. Ile Brayo aliita.

Kwa matanga huko Waithaka, nyumbani kwa mama mkwe tulikokuwa tunaishi, Brayo alipofika kwa gate, mama mkwe akamwambia, "Wewe rudi. Hapa umebakisha nani wa kuua?"

Mimi na huu mdomo wangu, ningenyamaza aje?

"Mum, ngoja nikuelezee. Kama bomu itaanguka karibu na watu wetu, rubani haachilii mpaka anayewaongoza hapo chini atoe herufi za kwanza za majina yake. Ni kusema hatari naijua, nimekubali. Sam alitoa S na K. Alichagua kuokoa vijana wake."

Akaniuliza polepole, "Mama Liam, ulimsikia?"

"Brayo alimsikia. Na ndugu yangu si muongo."

Brayo alikuwa nyuma yangu, kimya. Nikadhani ni majonzi...

Mama mkwe akasema nichague, hapo ama kwa ndugu yangu. Nikabeba mtoto wetu Liam, nikahamia kwa Brayo, Dagoretti. Kanisani, kazini, nimegombana na kila mtu aliyemtaja vibaya.

Juzi tukikula nilikuwa namwambia Liam vile babake alitaja herufi zake kwa redio. Brayo akasukuma sahani.

"Sista, wacha kumwambia hivyo."

"Kwa nini?"

"Redio ya Sam ilikuwa imenyamaza. Nilimwita, nikamwita... Vijana wake walikuwa wanamalizwa. Rubani akaitisha herufi. Nikatoa S na K mimi mwenyewe."

Nikamuuliza kama Sam alikuwa bado hai. Akasema hajui. Wale vijana wengine walirudi wote.

Sikulia. Nilimaliza kumlisha mtoto ugali, nikaosha vyombo. Mpaka leo sisikii kitu moyoni.

Wenzangu, tetea mtu wako, sikatai. Lakini muulize kwanza, mkiwa wawili tu, kabla hujabomoa nyumba yako kwa ajili yake. Mimi sikuwahi muuliza. Video zilinitosha...

Jana mama mkwe amenipigia. Anasema amechoka kuchukia. Amekubali mtoto wake alijichagulia kufa, na hiyo inamsaidia kulala. Nirudi na Liam, na Brayo akuje tule pamoja.

Sasa wewe unayejua sana, nimwambie?