Mtani Akisema Kweli

"Mboni, nataka kukuoa."

"Nioe basi. Mahari utaibeba kichwani kutoka Tabora, kama babu zako walivyobeba pembe za ndovu?"

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Tena fanya haraka, uji huu ukiungua Mwalimu Mkuu ataniua, utaoa maiti."

Mashaka hakucheka. Alitua ndoo zake mbili za maji mlangoni mwa jiko la shule, akajifuta jasho kwa kiganja, akabaki amesimama. Mboni naye alikuwa ameinamia sufuria, macho yanamtoka machozi ya moshi, mikono miwili imeshika mwiko mrefu kama mchi. Tangu serikali iseme kila mtoto aende shule, watoto walikuwa wameongezeka maradufu, lakini sufuria lilikuwa lile lile na mpishi yule yule. Kwa hiyo alikuwa anapika awamu mbili, na mgongo ulikuwa unamuuma awamu tatu.

"Mbona umesimama kama nguzo ya bendera?" aliuliza bila kuinua uso. "Chukua bakuli lako unywe, uende ukalinde hayo madawati yasiyoibika."

Alipogeuka, Mashaka alikuwa ameshaondoka. Bakuli lake liko pale pale juu ya kinu, limefunikwa, halijaguswa.

Sasa uwaelewe watu hawa. Mashaka alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja pwani zamani kukata mkonge, akaishia kuwa mlinzi na mchota maji wa shule moja ya kijiji upande wa Dutumi. Mboni alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, mtalaka asiye na mtoto. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Watatukanana, watanyang'anyana kofia, hata msibani mtani atalala ndani ya kaburi akatae kutoka mpaka apewe chochote, na hakuna ruhusa ya kununa. Ni desturi nzuri, inapunguza ugomvi. Ubaya wake ni mmoja tu: mtani akilia, watu hushika mbavu.

Jioni, nyumbani, kaka yake Mboni, Salehe, alikuja akiwa amevaa kanzu. Mboni alipoiona ile kanzu akajua kuna jambo, maana Salehe alikuwa haivai mpaka Idi au posa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mshenga wa Kibwana amerudi tena kutoka kijiji cha Masaki. Ijumaa wanataka jibu."

"Kibwana ana mke."

"Ana mke, ana tanuri la mkaa, ana mikorosho mpaka macho yanachoka. Wewe una nini? Una mwiko."

"Nina kazi."

"Kazi ni ile inayolipwa, Mboni. Ile yako ni ibada."

Hapo Salehe hakukosea. Walimu walikuwa wanalipwa na serikali. Yeye na Mashaka waliambiwa watalipwa na kijiji kutokana na shamba la shule, korosho zikiuzwa. Korosho ziliuzwa. Mwaka mmoja pesa zikanunua mipira na bendera. Mwaka uliofuata zikapokea wageni kutoka wilayani, wakala wali kwa kuku, wakashangilia sana moyo wa kujitolea wa wanakijiji. Mboni aliyewapikia wageni hao aliondoka na ukoko.

"Ukimkataa Kibwana," Salehe alisema kwa sauti ya chini zaidi, "mimi sitakuwa na la kukusaidia. Nina watoto wangu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, kaka."

"Sikufukuzi."

"Najua. Unanisindikiza."

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa wazazi. Wanawake walikaa upande wao kwenye mikeka, wanaume upande wa pili kwenye madawati yaliyotolewa nje. Mboni alikuja amechelewa, bado ananuka moshi, akajibana kando ya shoga yake Zena, au Mama Hadija, mama wa watoto watatu wa shule hiyo.

"Zena, jana mtani kaniambia anataka kunioa."

Zena alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. "Mashaka? Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia abebe mahari kichwani."

"Hee! Ukamuweza! Halafu?"

"Halafu akaondoka. Hakunywa uji wake."

Zena aliacha kucheka. "Mnyamwezi yule kaacha uji?"

"Kauacha."

"Mboni wewe. Basi yule hakuwa anatania."

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Zahoro, alikuwa tayari amesimama, mikono nyuma. Habari ilikuwa bati. Madarasa mawili mapya yalikuwa hayana paa, kamati ilikuwa imeamua korosho za msimu huu zote ziende kwenye bati, na wazazi walichotakiwa kufanya ni kuinua mikono na kurudi mashambani.

"Kuna mwenye swali, ndugu wananchi?"

Mkono mmoja ukainuka nyuma kabisa.

"Aaa, mtani!" Mzee Zahoro alitabasamu, na watu wakaanza kujiweka sawa kama wanaosubiri ngoma. "Sema, mtani wetu. Leo unadai nini?"

"Nadai ujira wangu, Ndugu Mwenyekiti."

Kicheko kikalipuka.

"Korosho zetu unataka kuzihamishia Tabora?" Mwenyekiti akauliza.

"Sitaki korosho. Nataka kulipwa kama mtu aliyefanya kazi. Mimi na mpishi. Tuliahidiwa, tukangoja, na..."

"Na utazibebea wapi, kwenye lile tenga la babu yako?" akadakia mwanamume mmoja, na madawati yakatikisika kwa vicheko.

"Leo sina utani, jamani."

Hapo ndipo walipocheka hasa. Mtani anayesema hana utani! Wengine waliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Na Mboni, Mungu amsamehe, alicheka pia. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka tu, kama kikohozi kinavyomtoka mtu aliyezoea moshi. Mashaka alikuwa anamtazama yeye, si Mwenyekiti. Alimwona anacheka.

Akafungua fundo la shuka lake kiunoni, akatoa funguo za shule, akaziweka juu ya dawati taratibu, akaenda zake kuelekea kwenye kibanda chake.

"Kanuna!" mtu alisema. "Mtani kanuna! Apigwe faini!"

"Tuendelee," alisema Mzee Zahoro akijifuta machozi ya kicheko. "Wanaokubali bati..."

"Ngojeni."

Sauti ilikuwa ya kike. Mzee Zahoro alitafuta ilikotoka, akamkuta Mboni amesimama katikati ya mikeka, kanga imemwanguka begani.

"Una la kusema, mwanangu? Sema ukiwa umekaa."

"Nimekaa sana, mzee wangu. Naomba nisimame." Aliirudisha kanga begani. "Mimi si mtani wa mtu hapa. Kitovu changu kimezikwa nyuma ya ule msikiti. Kwa hiyo mimi msinicheke."

Hakuna aliyecheka.

"Yule mtu alichosema ni kweli. Korosho zikiuzwa, korosho zikiuzwa. Nimeyasikia maneno hayo mpaka yamekuwa kama adhana, ila adhana ikiisha watu huswali. Kila siku naamka kabla ya kuku wenu. Watoto wenu wakirudi mnawauliza wamesoma nini. Hamjawahi kuwauliza nani kawalisha."

"Mboni," Salehe alinong'ona kwa ukali kutoka upande wa wanaume, "kaa chini. Unanivua nguo mbele za watu."

"Nguo zenyewe sina za kuvaa, kaka, nitakuvua zipi?" Akawageukia wengine. "Jana Mashaka alinitaka ndoa. Nikamcheka. Leo amedai haki yake, na haki yangu mimi, mkamcheka, na mimi nikacheka pamoja nanyi. Nimecheka nikiwa na njaa. Hata sijui nilikuwa namcheka nani. Nimechoka, wazazi wangu. Mkitaka kesho nipike, nitapika, sina ujanja mwingine. Lakini msiniite tena mtu wa kujitolea. Mimi sikujitoa. Nilichukuliwa."

Akakaa. Au aliishiwa nguvu, ni mamoja.

Zena ndiye aliyeanza kusema.

"Mimi wanangu watatu wanakunywa uji wa huyu. Mdogo alipougua tumbo, aliyembeba mgongoni mpaka zahanati ni Mashaka. Nilimwambia asante, mtani. Asante! Kwani asante inasagwa ikawa unga?"

"Mama Hadija, hakuna anayekataa," alisema Mzee Zahoro. "Ila pesa ni ya bati. Mvua inakuja."

"Mvua ikija watoto watalowa, kisha watakauka," ilisema sauti nyembamba ya Bibi Biasha, aliyekuwa na wajukuu wengi shuleni kuliko meno kinywani. "Njaa haikauki, Zahoro."

"Bibi, tukianza kuwalipa hawa, kesho anayefagia msikiti naye atadai."

"Na adai! Kwani yeye hali?"

Wanawake wakaanza kuguna, kisha kusema, kisha wote wakasema pamoja. Mwanamume mmoja upande wa pili akasema kweli jambo hili limekaa vibaya, tunasema ujamaa halafu tunakuwa wanyonyaji wadogo wadogo. Neno hilo lilimchoma Mzee Zahoro. Hakuna mwenyekiti wa miaka ile aliyetaka kulala na neno "mnyonyaji" limebandikwa mlangoni kwake.

"Haya. Wanaotaka mpishi na mlinzi walipwe kwanza, bati lifuate, mikono juu."

Mikono ya mikekani ikainuka yote. Ya madawatini ikainuka mmoja mmoja, kama watu wanaochungulia mvua. Salehe aliinua wake mwisho kabisa, anatazama viatu vyake.

"Imepita," alisema Mwenyekiti kwa uchovu. "Mwiteni mtani aje achukue funguo zake."

Aliyetumwa alirudi mbio. Kibanda kilikuwa wazi. Jirani alimwona Mashaka anashika njia ya stesheni ya Ruvu na mzigo wake begani. Treni ya bara ilikuwa inapita jioni.

Mboni alisimama, akakaza kanga kiunoni, akaanza kutembea. Hakukimbia, hakuwa na mbio ndani yake. Alikuwa ameshafika kwenye shamba la mwisho la mihogo aliposikia kengele ya baiskeli nyuma.

"Panda," alisema Salehe. Alikuwa na ile ile kanzu yake.

"Na Kibwana?"

"Kibwana nitamtafutia maneno. Panda kabla sijabadili mawazo."

Mnyororo ulikatika njiani. Salehe alilaani baiskeli, akalaani Wanyamwezi, akalaani dada zake wote ingawa alikuwa naye mmoja tu, kisha wakatembea huku akiisukuma, na Mboni akawa anajikokota nyuma yake kimya, vumbi limemfika magotini.

Treni ilikuwa haijafika. Mashaka alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa stesheni, mzigo wake wa nguo pembeni. Salehe alibaki mbali kwa muuza kahawa, akajifanya anakagua gurudumu.

"Umekuja kunicheka mpaka huku?" Mashaka aliuliza.

"Wamekubali kutulipa."

"Korosho zikiuzwa?"

"Korosho zikiuzwa. Ila kabla ya bati. Wazazi wenyewe wameinua mikono, Mwenyekiti akabanwa."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo," alirudia Mashaka.

"Kidogo cha kulipwa, si cha kushukuriwa. Kinatosha kuoa Mzaramo mmoja asiye na makuu."

Mashaka alimtazama usoni. "Huo ni utani?"

"Sijui, Mashaka. Nimetania tangu nikiwa mtoto, mdomo umeshapinda. Lakini sikuja kwa miguu yote hii kutania. Niulize tena."

"Niliuliza. Mara ile ilinitoa jasho."

"Basi nakuuliza mimi. Utanioa?"

Mashaka alikuwa anakwangua ardhi kwa kidole.

"Ulicheka, Mboni. Wale wengine wacha. Wewe ulicheka."

"Nilicheka."

"Mimi nimechoka kuwa mtu wa kuchekwa. Huko kwetu sina kitu, najua. Ila hawatanicheka."

"Sitakuomba ukae," alisema Mboni. "Sina nguvu ya kukubembeleza, nimepika awamu mbili. Lakini ukienda, ujue kuna mtu alikuja na jibu lako. Na jibu ni ndiyo. Sasa sogea kidogo, nikae."

Alisogea. Mboni aliketi chini kando yake, akaegemeza kichwa juu ya mzigo wa nguo kwa dakika moja tu, alisema, apumzishe shingo. Mashaka alianza kusema kitu, kitu kirefu, kuhusu mama yake na Tabora na jinsi alivyokuwa akilizunguka jiko la shule kabla ya kupata maneno. Alipofika katikati akagundua anaongea peke yake. Mboni alikuwa amelala, mdomo wazi, vumbi kwenye kope.

Treni ikaja kwa kishindo. Watu wakanyanyuka na matenga, na kuku, na watoto, wakasukumana milangoni. Mashaka alishika fundo la mzigo wake, akauvuta kidogo. Kichwa cha Mboni kikayumba. Akauachia.

"Mashaka!" Salehe alipiga kelele kutoka kwa muuza kahawa. "Treni hiyo! Inakuacha!"

Mashaka aliinua mkono kumnyamazisha.

"Punguza sauti, shemeji," alisema. "Amelala."