Bendera Mbili kwa Kijiti Kimoja

Katika karakana ya bendera, vyerehani vilinguruma kama mvua juu ya bati. Rais wa nchi jirani alikuwa anakuja. Kila kijiti kilitakiwa kiwe na bendera mbili, yetu na yao, bega kwa bega.

Mama Pacha alishona yetu. Alipofika kwenye yao, mguu ulikataa kukanyaga pedali.

"Wee, umelala?" akauliza shoga yake, Bi Uzi.

"Nimechoka tu," akadanganya.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alikamatwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi hiyo hiyo ya mgeni, kwa sababu aliwaambia madereva wenzake wasikubali kupigwa na askari. Hakupelekwa mahakamani. Hakuruhusiwa hata kupiga simu; habari ililetwa na dereva mwenzake. Nyumbani waliona aibu, wakaficha. Wakiulizwa, walijibu, "Yuko safari."

Msimamizi akapita, akaona bendera yao haijaguswa. "Shona, mama. Ya nchi na nchi si ya mafundi."

Ajabu! Kodi ikidaiwa, ya nchi ni yetu. Vijana wakitakiwa vitani, ni yetu. Hatujasahau.

Jioni, mwanamke wa nyumba ya pili, mkalimani wa mahakama, alikuja kwa Mama Pacha kufuata gauni alilompa ashone. Mmoja wa watoto pacha akaropoka, "Shangazi, baba yuko jela!"

Mama Pacha akalia, akasema yote.

"Mdogo wangu, unaficha kidonda halafu unataka dawa?" akasema mkalimani. "Haki za mtu hazivuliwi mpakani kama viatu mlangoni. Akikamatwa ugenini, ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wa nchi yake. Ana haki ya kuambiwa kosa lake na kufikishwa kwa hakimu. Nchi zote mbili zilitia saini mikataba hiyo."

"Lakini si ni mambo yao ya ndani?"

"Jirani akimpiga mwanao nyuma ya ukuta wake, utasema ni mambo yake ya ndani?"

"Thubutu! Nitaupanda huo ukuta!"

"Basi panda."

Asubuhi Mama Pacha aliwaambia mafundi wenzake ukweli. Vyerehani vikanyamaza. Wakakubaliana: watashona yetu tu.

Ofisa wa mambo ya nje alipofuata mzigo, akashangaa. "Nusu nyingine iko wapi?"

"Iko gerezani, mwanangu," akajibu Bi Uzi.

Ofisa akatoka jasho. "Mnataka kutugombanisha na jirani?"

"Sitaki ugomvi," akasema Mama Pacha. "Nataka muulize. Mliahidiana kwa saini. Urafiki usiovumilia swali ni woga uliovaa tai."

Safari hii serikali iliuliza. Balozi wetu akaingia gerezani, akamkuta dereva amekonda, lakini hai. Hakimu alitafuta kosa, hakuliona. Akamwachia huru, yeye na madereva wa nchi ile waliofungwa naye.

Siku aliyovuka mpaka, vyerehani vilinguruma tena. Nusu ya pili ikashonwa kwa vigelegele. Msimamizi naye alishika mkasi, maskini, asijue aanzie wapi.

Rais mgeni alipopita barabarani, dereva alikuwa mstari wa mbele, pacha mmoja kila bega. Akaitazama bendera mkononi mwa mkewe.

"Mama Pacha, siku hizi unashona ovyo? Hii ya kwao ina uzi unaning'inia."

"Nimeuacha makusudi," akajibu mkewe huku akipunga. "Wakirudia tu, tunavuta."