Gesi ya Kiyoyozi Ilikuwa Inakwenda Wapi

Binti yangu anaendesha teksi. Tangu mama yake afariki tumebaki wawili, na gari hilo ndilo linalotulisha. Asubuhi yeye hufuta vioo, mimi nakagua maji na oili, tunakunywa chai, anaondoka.

Mteja wake mkubwa ni mwalimu mstaafu, mgonjwa wa figo. Humpeleka hospitali kusafishwa damu, kisha humrudisha nyumbani na mkewe. Madaktari wamempimia maji ya kunywa, hata kiu imkabe vipi. Kwa hiyo joto ni adui yake.

Msimu ule wa jua kali, kiyoyozi cha gari kikaanza kutoa hewa ya moto.

"Gesi imeisha," nikamwambia binti yangu. "Kaongeze."

Akaongeza. Baridi ikaja siku chache, ikatoweka. Akaongeza tena, mambo yakawa yale yale. Safari moja mwalimu alishuka hoi, akimning'inia binti yangu begani. Mkewe akasema taratibu, "Mwanangu, tunakupenda. Lakini safari ijayo, wakati wa kurudi, gari likiwa tanuri hivi, tutatafuta lingine."

Safari hiyo ilipofika, nilifuatana na binti yangu. Tulimwacha mwalimu hospitali mapema, jua bado changa, tukaenda moja kwa moja kwa fundi wa viyoyozi. Ni mwanamke wa makamo, mtaa mzima humwita Mama Barafu.

"Fundi, tujazie gesi," nikasema.

"Mzee wangu, hii si petroli, haiunguzwi ikaisha. Inazunguka humo humo. Ikipungua, ujue inavuja. Kujaza bila kuziba ni kumimina maji kwenye tenga."

"Na yule aliyetujazia mara zote hizo, hakulijua hilo?"

"Kamuulize yeye. Mimi sipo kwenye mfuko wake."

Akafungua boneti, akamulika mbele ya rejeta. Pale hukaa kondensa, mfano wa wavu wa mabomba membamba. Gesi ikipita humo hutua joto lake. Pembeni chini palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi.

"Gesi hutoka na mafuta kidogo," akasema. "Tundu liko hapa. Jiwe limepiga."

Lisipige vipi? Barabara yetu wakubwa wanaiahidi lami tangu mke wangu yu hai. Wao hupita vioo juu, sisi tunakula kokoto. Nikayasema yote.

"Hayo wapelekee wao, mzee. Mimi nipishe mwanga."

Hakukimbilia spana. Kwanza aliunganisha mashine, akanyonya gesi iliyobaki.

"Haiachiwi hewani," akamwambia binti yangu. "Na ikikupiga jichoni, unaweza kupofuka. Usije ukajaribu nyumbani."

Ndipo akatoa bampa, akafungua mabomba, akayaziba midomo papo hapo, vumbi na unyevu visiingie. Akatoa kondensa mbovu, akafunga mpya inayolingana nayo. Akabadilisha na chujio la kukausha unyevu, na vipete vya mpira vya maungio. Mafuta ya kiyoyozi yaliyotoka na kondensa ya zamani akayafidia. Mwisho akawasha pampu ya kunyonya hewa, kisha akaizima, akatazama mshale wa geji: ukisogea, bado kuna mahali panavuja.

Simu ya binti yangu ikalia. Mwalimu alikuwa karibu kumaliza.

"Fundi, jaza twende," nikasema. "Mshale si umesimama?"

"Umesimama sasa. Subiri."

Tukasubiri. Binti yangu akawa anauma kucha. Mimi ningeapa mshale haukutikisika.

"Umesogea," fundi akasema. "Kosa langu. Kuna kipete nimekibana vibaya."

Angetaka, angejaza gesi na sisi tungeondoka tukimshukuru. Baridi ingedumu kidogo, kisha tungelaumu jiwe jingine. Mke wangu alifia kwenye benchi la hospitali akingoja kuhudumiwa, na mpaka leo hakuna mkubwa aliyetamka maneno hayo mawili, kosa langu. Huyu aliyatamka kwa ajili ya mshale uliosogea unywele mmoja.

Akafungua, akatuonyesha kipete kilichochanika ukingoni, akaweka kingine, akanyonya hewa upya. Safari hii mshale ukaganda kabisa. Hapo tu ndipo akajaza gesi, akiipima kwa mzani kufuata kibandiko kilicho chini ya boneti. Hakukisia.

Tulifika hospitali tumechelewa. Mwalimu alikuwa ameketi kivulini, mkewe amenuna. Wakaingia nyuma.

Tukapita katikati ya kokoto zile zile, vioo tumefunga.

"Dereva," mwalimu akaita.

"Naam, mwalimu."

"Hebu kipunguze. Figo hazijaniua, nisije nikafa kwa baridi."

Mkewe akavua mtandio wake, akamfunika magoti.

"Usimsikilize, mwanangu," akasema. "Safari ijayo utupitie saa ile ile."