Tanzia ya Mzee Mincho

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Alhamisi ya tarehe ishirini na moja Machi, mzee Mincho Valchev alishuka ngazi za jengo lao mjini Karnobat kwenda kununua mkate, akakuta ameshakufa. Picha yake ilikuwa imebandikwa mlangoni, ndani ya fremu nyeusi yenye msalaba. Chini yake paliandikwa: “Kwa majonzi makubwa tunatangaza kuwa ametutoka kaka yetu mpendwa, Mincho Valchev, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.”

Aliisoma mara mbili. Alijipapasa kifuani, pale kovu la upasuaji lilipokuwa bado linamwasha, akaridhika kwamba karatasi imekosea. Jirani aliyekuwa akipanda ngazi na maua meupe alimwona, akayaangusha, akapiga ishara ya msalaba.

Saa mbili na nusu walikuwa wote dukani kwa dada yake, Velika, ambaye ndiye aliyekuwa akichapisha tanzia za mtaa ule, karatasi zinazobandikwa milangoni na barabarani mtu akifa. Fremu ile ilikuwa yake, hilo halikuwa na ubishi. Mzee Mincho alikuwa amemwita Zahari, fundi wa printa, kwa simu.

“Jana ulikuwa humu unatengeneza mashine,” alimwambia. “Nitafutie nani kanizika.”

“Wa kutafutwa nani?” Velika alifoka, akimnyooshea kidole mfanyakazi wake. “Ni huyu! Kaka alimsema wiki iliyopita kwa kuchelewa kazini, naye kalipiza. Nedialka, vua aproni. Polisi nitawapigia mwenyewe.”

Nedialka, mwanamke wa makamo aliyekaa miaka kumi na moja kwenye meza ile ya mbele, hakuvua aproni. Alijua vizuri kwamba akitoka pale na jina la kuchapisha tanzia ya mtu aliye hai, hakuna duka litakalompokea tena, si Karnobat wala kwingine.

“Sijaandika mimi,” alisema. “Niapishe kwa chochote.”

Zahari alimhurumia, lakini huruma haitengenezi printa. Alivuta kiti.

“Jana ulitoka saa ngapi, dada?”

“Saa tisa na nusu. Nilikwenda kung’oa jino. Shangazi Velika alikuwa sokoni, wewe ukabaki peke yako na kompyuta ya chumba cha nyuma.”

“Na karatasi nani alizichukua?”

“Mimi,” alijibu Dimcho, mbandikaji, mzee mwenye macho mekundu. “Saa kumi na mbili jioni, kama kawaida. Alfajiri nikabandika. Nimelia njia nzima, Mincho, Mungu ananiona.”

“Na hukushangaa kwamba hakuna aliyekuambia?” Velika alimkatiza.

“Nilishangaa zilikuwa sita tu. Watu huagiza ishirini. Nikadhani familia haikumpenda sana.”

Mzee Mincho alikohoa. Zahari aliichukua ile karatasi iliyobanduliwa mlangoni, akaisoma polepole.

“Mzee, una miaka mingapi?”

“Sabini na mbili. Nimetimiza tarehe kumi mwezi huu. Nedialka mwenyewe kaniletea keki.”

“Kumbe. Aliyekuletea keki ya sabini na mbili asingeandika jana sabini na moja. Tanzia hii imeandikwa kabla ya tarehe kumi. Imechapishwa jana, lakini imeandikwa zamani.”

Aliyasema hayo kwa majivuno kidogo, kisha majivuno yakamtoka. Alikumbuka. Tangu mwisho wa Februari kompyuta ya nyuma ilikuwa haichapishi, kwa sababu printa ilikuwa imepewa anwani mpya kwenye mtandao wa duka, na kompyuta ile iliendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani. Juu ya hayo, mtu alikuwa ameiwekea draiva, ile programu ya kuiendesha printa, isiyo yake. Jana saa kumi na dakika ishirini Zahari aliweka draiva sahihi na kurekebisha anwani. Kabla hata hajatuma ukurasa wa majaribio, printa ilitema karatasi kadhaa. Alidhani ni kazi za siku, akaziweka kwenye rundo la Dimcho kifudifudi.

“Basi mkono wangu umo,” alisema, uso ukimwaka kwa aibu. “Kazi iliyokwama haipotei. Inakaa kwenye foleni ikisubiri, hata mwezi. Mimi nimeifungulia njia. Ila jana nilipokuwa najaribu niliiambia foleni isifute kilichochapishwa, na sijairudisha kama ilivyokuwa. Twendeni nyuma tukaone ni nani aliyetuma na saa ngapi.”

“Hakuna haja!” Velika alisimama mlangoni. “Humo hamna kitu. Faili nilishalifuta.”

Wote walimgeukia. Hakuna aliyekuwa amemtajia faili.

Zahari alipita, akafungua foleni. Kazi sita zilikuwa pale, zote za tarehe tatu Machi, kuanzia saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili alfajiri. Kompyuta ile ilikuwa na mtumiaji mmoja tu, Velika.

“Tarehe tatu nilikuwa kwenye meza ya upasuaji,” alisema mzee Mincho.

Velika alikaa juu ya boksi la karatasi. “Walipiga simu kutoka hospitalini. Moyo wako umesimama mara mbili, tujiandae. Sikujua nifanye nini, Mincho. Mikono yangu inajua kazi hii tu. Nikaandika. Nikabonyeza mara sita, mashine haitoi, naipiga makofi huku nalia, simu ikalia tena, wakasema umefumbua macho. Nikafuta faili, nikakimbilia kwako na ndala.”

“Ungeniambia.”

“Nikuambie nini? Kumwandikia tanzia mtu anayepumua ni kumwitia kifo! Leo nilipoiona mlangoni nikajua maneno ni yangu, nikaogopa, nikamtupia Nedialka.”

Mzee Mincho alimtazama dada yake, kisha akacheka mpaka akashika kovu. “Eti mpendwa. Miaka yote hii hujawahi kuniita hivyo.”

“Na hilo ndilo lingenitetea mimi,” Nedialka alisema huku akifuta machozi. “Ningekuandikia mimi, mzee, hilo neno lisingekuwemo.”

Wakacheka wote, hata Velika. Nedialka ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

“Umenitukana mbele ya watu, shangazi. Utaniomba radhi mbele ya watu.”

Walikwenda pamoja kubandua tanzia tano zilizobaki. Zahari alibeba ndoo ya maji, Dimcho akaonyesha mahali. Ya mlangoni kwa mzee Mincho walikuwa nayo tayari, lakini wakaanzia pale pale kuomba radhi, kisha kituo cha basi na miti ya barabarani, Velika akibandua kwa kucha na kusema kwa sauti kila mara: “Kosa ni langu, si la Nedialka.” Majirani walitoka, wakamkumbatia mzee Mincho, wengine wakamfinya kuhakikisha.

Kwenye karatasi ya mwisho sauti ya Velika ilikuwa imekauka kwa kurudia maneno yale. Nedialka alimshika mkono wenye gundi.

“Yatosha, shangazi. Wamesikia. Twende dukani, kuna watu wanatusubiri.”